Kapu la Maswali: Viumbe wa Rangi Katika Tangi Dogo la Maji ya Chumvi

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: namna ya kuchagua kamba, kaa, konokono, viti vya pweza na matumbawe yenye rangi za kupendeza, ili waishi pamoja ndani ya tangi dogo bila kulana, kuumizana wala kufa njaa. Tumechagua saba. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa yapo maswali yanayohitaji maelezo marefu na yapo yanayotoshwa na aya moja.

SWALI: Nina tangi la lita 60 lenye mawe hai (mawe ya baharini yenye vijidudu vinavyosafisha maji) na mchanga, ambalo sasa lina umri wa miezi mitatu. Vipimo vya amonia na nitriti, zile sumu zitokanazo na uchafu wa viumbe, vinaonyesha sifuri. Sihitaji samaki, nataka viumbe wenye rangi. Orodha yangu ni hii: kamba msafishaji mwenye mstari mweupe mgongoni, kamba mwenye pete nyekundu na nyeupe, kamba mweupe mwenye mabaka ya waridi ambaye nimeambiwa ni mpole mno, kiti cha pweza wa buluu, kaa wachache wa wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, nungu wa baharini mmoja, na anemoni mmoja. Je, watapatana?

JIBU: Ndugu msomaji, hawatapatana, na wawili kati yao huenda wasifikishe mwaka hata ukiwaweka peke yao. Orodha yako imepangwa kwa macho, ilhali mapatano ya viumbe hawa huamuliwa na kinywa: huyu anakula nini, chakula hicho kinapatikana wapi ndani ya tangi, na yeye mwenyewe ni chakula cha nani. Tuipitie orodha kwa kipimo hicho.

Kamba msafishaji, ambaye jina lake la kisayansi ni Lysmata amboinensis, ndiye chaguo zuri kuliko yote uliyoyataja. Hukua hadi sentimita 5 au 6, ana mgongo mwekundu uliopasuliwa katikati na mstari mweupe, na papasi zake nyeupe huonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Hula karibu kila kitu kinachoanguka, hana woga wa watu, na baada ya majuma machache atapanda mkononi mwako na kuanza kukwangua kucha zako. Kamba hawa ni huntha. Kila aliyekomaa ana viungo vya kiume na vya kike, kwa hiyo wawili wowote wanaweza kupandana, nawe utaona mayai ya kijani yamejazana chini ya tumbo. Waweke wawili na usizidishe. Wakiwa watatu au wanne katika nafasi ndogo, huweza kupunguzana wenyewe usiku, hasa pale mmoja anapojivua gamba na mwili wake ukawa bado laini.

Kamba mwenye pete, Stenopus hispidus, ni habari nyingine. Magando yake ni marefu kuliko mwili wake na anajua kuyatumia. Katika miamba ya bahari huishi wawili wawili, dume na jike, wakilinda eneo lao. Wawili wa jinsia moja wakifungiwa pamoja hupigana mpaka mmoja afe, na kamba wadogo wa aina nyingine huwindwa wakati taa zimezimwa. Katika lita 60 unapaswa kuchagua: ama huyu, ama wasafishaji. Kwa maoni yangu rangi yake haistahili gharama hiyo, kwani mchana hushinda amening'inia chini ya jiwe na utakachokiona zaidi ni papasi.

Kuhusu kamba wa mabaka, Hymenocera picta, aliyekuambia ni mpole amekuambia nusu ya habari. Ni mpole kwa kamba wenzake, kwa matumbawe na kwa samaki, kwa sababu hao si chakula chake. Chakula chake ni kimoja tu, nacho ni viti vya pweza. Humpanda kiti cha pweza, humgeuza chali kwa magando yake mapana, kisha huanza kula ile miguu midogo laini iliyo upande wa chini, akielekea katikati, na mlo huo unaweza kuchukua siku kadhaa huku anayeliwa akiwa bado hai. Ukimweka pamoja na kiti cha pweza wa buluu umeshamaliza hesabu ya wote wawili: wa kwanza ataliwa, wa pili atakosa kitu kingine cha kula. Anayemfuga kamba huyu hulazimika kutafuta viti vya pweza kwa muda wote atakaoishi naye, jambo ambalo wengi hulichoka kabla kamba mwenyewe hajachoka.

Hata bila huyo kamba, kiti cha pweza wa buluu, Linckia laevigata, hafai kwa tangi lako. Katika bahari yeye huzunguka eneo kubwa akila utando mwembamba wa vijidudu na mabaki ulio juu ya mawe, na upana wake waweza kufika sentimita 30. Mawe ya tangi la lita 60 humlisha kwa muda mfupi tu. Baada ya hapo hufa polepole: ncha ya mkono mmoja hunyauka, kisha hutokea madoa meupe ambayo nyama yake inayeyuka, na mwenye tangi huanza kutafuta dawa ya ugonjwa ilhali tatizo ni njaa. Ikiwa unapenda jamii hiyo, wapo viti vya pweza wadogo wenye mikono myembamba inayojipinda, ambao hujificha chini ya mawe na kula mabaki. Hao hawana matata. Jihadhari tu na yule mkubwa wa kijani, Ophiarachna incrassata, ambaye hujiinua kwa mikono yake na kuwafunika samaki waliolala.

Nungu wa baharini unaweza kumpata katika umbo dogo na zuri. Mespilia globulus ni duara la sentimita 5 hivi, lenye vijia vya rangi ya buluu au nyeusi kati ya mistari ya miiba mifupi. Hula mwani, na ana tabia ya kujifunika chochote anachokutana nacho njiani: vipande vya makombe, majani ya mwani, na hata vipande vya matumbawe ambavyo hukuvigundisha. Usimnunue kabla mawe yako hayajaota mwani unaoonekana kwa macho, na usiwe na zaidi ya mmoja.

Anemoni naye mwache kabisa kwa sasa. Hata yule anayehesabiwa kuwa mvumilivu, Entacmaea quadricolor, hupanuka hadi sentimita 30, huhitaji taa kali na maji yasiyoyumba, na hutembea. Katika kutembea kwake huchoma kila tumbawe analolipitia, na mara nyingi safari huishia kwenye mdomo wa pampu. Anemoni aliyesagwa na pampu ndani ya lita 60 anaweza kuharibu maji yote kwa usiku mmoja. Tangi la miezi mitatu ni changa mno kwake. Wafugaji wengi wenye uzoefu husubiri mwaka mzima. Ukitaka kitu laini, cha duara na chenye rangi, tafuta matumbawe ya uyoga ya jamii ya Discosoma. Yapo ya rangi nyekundu, buluu, kijani na yenye madoa, yanatosheka na mwanga wa wastani, na yanapotembea huenda mwendo ambao hutaugundua.

Kwa hiyo orodha inayobaki ni hii: kamba wasafishaji wawili, kaa wekundu wa makombe wawili au watatu, konokono watano au sita, nungu mmoja na matumbawe ya uyoga. Anza na konokono, fuatisha kaa baada ya majuma mawili, kamba baada ya hapo, na nungu awe wa mwisho.

SWALI: Nilikuwa na konokono wanane wa kula mwani na kaa watano wa makombe wenye miguu ya buluu. Sasa nimebakiwa na konokono watatu, na kaa wawili wamevaa makombe ninayoyatambua. Je, nimeuziwa kaa wabaya?

JIBU: Hukuuziwa kaa wabaya, umewanyima nyumba. Kaa huyu, Clibanarius tricolor, ana tumbo laini lisilo na gamba, na kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji kombe kubwa zaidi. Asipolipata mchangani, hulichukua mahali lilipo, hata kama mwenyewe bado yumo ndani. Weka makombe matupu mawili au matatu kwa kila kaa, yenye ukubwa unaotofautiana, yaliyochemshwa na kusuguliwa vizuri, na utazame kwa makini mdomo wa kombe: kaa wengi huyapenda yale yenye mdomo wa duara, kama ya konokono wa jamii ya Turbo, kuliko yenye ufa mwembamba. Utamwona kaa akiligeuza kombe jipya kwa miguu yake, akitia gando ndani kupima kina, kisha akihama kwa kasi ambayo ukipepesa macho umeikosa.

Sababu ya pili ni njaa. Tangi safi lenye kaa watano halina mabaki ya kuwatosha, hivyo watupie kipande kidogo cha chakula kinachozama mara mbili kwa juma. Ukiamua kuongeza wengine, mchague Paguristes cadenati, mwenye miguu myekundu iliyokoza na macho yaliyosimama juu ya vikonyo vya njano. Si malaika, lakini ana mwendo wa polepole na huwasumbua konokono kwa nadra zaidi. Upande wa konokono, Trochus wana faida ambayo wauzaji huisahau: wakianguka chali mchangani huweza kujigeuza wenyewe, ilhali Astraea hubaki wamelala huku wakiwa mawindo ya kila apitaye.

SWALI: Tangi langu la lita 40 lina matumbawe tu: moja la ngozi lenye umbo la uyoga mkubwa, zoantidi (wale wadogo kama maua, ndugu wa anemoni) wa rangi tatu, Galaxea la kijani, Euphyllia moja na zulia la kijani linalotambaa juu ya jiwe. Kila moja lilikuwa zuri dukani. Sasa zoantidi walio karibu na Galaxea wamefunga, na Euphyllia limepungua ukubwa ingawa haliguswi na jirani yeyote. Vipimo vyote viko sawa.

JIBU: Matumbawe hayatembei, na kwa sababu hiyo watu huyadhania kuwa mapambo. Kwa kweli ni wanyama wanaogombea nafasi, na wewe umekusanya silaha tatu tofauti ndani ya lita 40.

Silaha ya kwanza ni minyiri. Galaxea huwa na minyiri mifupi mchana, lakini usiku hutoa mingine mirefu na myembamba inayopeperushwa na mkondo wa maji, ambayo huweza kuzidi sentimita 15, na kila inapogusa huacha nyama imeungua. Chukua tochi yenye mwanga mwekundu, subiri saa mbili baada ya taa kuzimwa, kisha uangalie upande unakoelekea mkondo. Bila shaka utaikuta minyiri hiyo imelala juu ya zoantidi wako. Katika tangi la ukubwa huo, Galaxea halina mahali pa kukaa pasipo na jirani. Litoe. Euphyllia nalo huchoma, japo kwa umbali mfupi zaidi, nalo linahitaji uwazi wa sentimita 15 pande zote, na zaidi upande ambao maji yanaelekea.

Silaha ya pili haionekani. Tumbawe la ngozi, hasa la jamii ya Sarcophyton, hutoa ndani ya maji kemikali ziitwazo terpeni, ambazo huzuia ukuaji wa matumbawe magumu. Katika bahari kemikali hizo huzimuliwa mara moja. Katika lita 40 hujikusanya. Hicho ndicho ninachokishuku kwa Euphyllia lako, kwa kuwa vipimo vya kawaida havizioni terpeni. Weka mkaa wa kuchujia maji na uubadilishe kila juma la tatu au la nne, badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila juma, na uamue kama tangi lako litakuwa la matumbawe laini au la matumbawe magumu. Wapo wanaochanganya wakafanikiwa, lakini wengi wao wana matangi makubwa mara tano ya hilo na mitambo ya kuchuja inayolingana nayo.

Silaha ya tatu ni kutambaa. Hilo zulia la kijani, Briareum, halimchomi mtu. Hupanda tu juu ya kila kitu mpaka limekifunika. Dawa yake ni kulitenga juu ya jiwe la peke yake lililozungukwa na mchanga, kwa kuwa si rahisi kwake kuvuka mchanga mtupu, na kukata kingo zake zinapofika ukingoni mwa jiwe.

Neno moja kuhusu zoantidi, kwa kuwa hukuliuliza na nisingependa ulijue kwa njia nyingine. Baadhi yao, hasa wa jamii ya Palythoa, wana palitoksini, sumu ambayo Richard Moore na Paul Scheuer waliieleza mwaka 1971 baada ya kuitoa katika zoantidi wa Hawaii, nayo ni miongoni mwa sumu za asili kali sana zinazojulikana. Unapowakata au kuwahamisha vaa glavu na miwani, usiwaguse ukiwa na kidonda, na kamwe usichemshe jiwe lenye zoantidi kwa nia ya kulisafisha, kwani watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke huo.

SWALI: Chumba changu kina nafasi ya tangi la lita 30 tu. Je, kuna viumbe wa rangi ambao kwao lita 30 si kifungo?

JIBU: Wapo, na kwa kweli ukubwa huo unawafaa kuliko tangi kubwa, kwa sababu katika tangi kubwa hutawaona. Wa kwanza ni Thor amboinensis, kamba wa sentimita moja na ushei, mwenye rangi ya kahawia inayoelekea chungwa na mabaka meupe yaliyozungushiwa buluu hafifu. Husimama juu ya tumbawe au anemoni akiwa ameinua mkia juu, akiutikisa kushoto na kulia bila kupumzika. Mmoja peke yake hujificha. Watano au sita hucheza mbele ya kioo siku nzima. Wape chakula kidogo kilichosagwa kila siku, kwani wakiwa na njaa huanza kuchokonoa zoantidi.

Wa pili ni kaa mdogo Lybia tessellata, ambaye mwili wake una mistari myeusi inayogawanya vipande vya rangi ya waridi na njano, na ambaye hushika anemoni mdogo katika kila gando. Akitishwa huwanyoosha mbele na kuwapunga. Watafiti waliochunguza kaa wa jamii hii wameona kwamba anayepoteza anemoni mmoja humpasua aliyebaki vipande viwili, na kila kipande hukua kikawa anemoni kamili. Anapojivua gamba huwaweka chini kwanza, kisha huwachukua tena gamba jipya likishakuwa gumu, kwa hiyo ukimkuta siku moja mikono mitupu usiharakishe kudhani wamekufa. Kwa sababu magando yake yamejaa, hawezi kumdhuru mtu. Kinyume chake, yeye ndiye anayehitaji kulindwa, na usimweke na kamba mwenye pete wala kaa wakubwa.

Waongezee hao matumbawe ya uyoga, zoantidi kwa tahadhari niliyoieleza hapo juu, na konokono watatu. Hapo tangi limejaa.

Tatizo halisi la lita 30 ni chumvi. Maji yanapovukizwa, chumvi hubaki. Katika lita 40, upungufu wa lita 2 tu hupandisha chumvi kutoka gramu 35 hadi karibu gramu 37 kwa kila lita, na katika tangi lako mabadiliko hayo huja haraka zaidi. Chora alama kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika na ujazie maji matamu yaliyoondolewa madini, si maji ya chumvi, kila siku bila kukosa, mpaka kwenye alama hiyo. Funika tangi kwa kioo. Kipimo cha uzito wa maji kibaki 1.025 au 1.026, na joto liwe kati ya nyuzi 24 na 26.

SWALI: Samaki wangu wawili wamepata madoa meupe. Dawa niliyopewa ina shaba. Lebo inasema ni salama kwa samaki. Ndani ya tangi kuna kamba, konokono na matumbawe.

JIBU: Usiitie. Kiasi cha shaba kinachoua vimelea wa madoa meupe, Cryptocaryon irritans, huua pia kamba, konokono, viti vya pweza na matumbawe, na lebo haikukudanganya iliposema samaki peke yao. Baya zaidi ni kwamba shaba hunyonywa na mawe na mchanga, kisha hurudi majini kidogo kidogo, ndiyo maana mawe yaliyowahi kutiwa dawa hiyo hayaaminiki tena kwa viumbe hawa. Kupunguza chumvi ili kuwaua vimelea nako hakufai, kwa sababu kamba wako watatangulia kufa.

Wahamishie samaki kwenye chombo kingine kisicho na mawe wala mchanga, chenye hita na chujio, na uwatibu huko. Tangi kubwa libaki na viumbe wengine bila samaki hata mmoja. Vimelea hao hawawezi kuishi juu ya kamba wala tumbawe, kwa hiyo wakikosa samaki mzunguko wao hukatika. Siku 76 ndio muda unaofuatwa na wafugaji wengi walio waangalifu.

SWALI: Asubuhi nilimkuta kamba wangu amekufa, mweupe na mwepesi, amelala ubavu. Jioni nilimwona anatembea. Je, ni kamba wawili?

JIBU: Ni mmoja. Ulichokiona asubuhi ni gamba lake alilolivua, pamoja na papasi na hata vifuniko vya macho. Liinue kwenye mwanga na utaona limepasuka nyuma ya kichwa na ndani ni tupu. Kamba aliyekufa huwa mzito, huwa na rangi ya waridi isiyo angavu na hunuka. Unaweza kuliacha gamba hilo, kwani wenzake hulitafuna na kuyarudisha madini yake tumboni. Kwa siku moja au mbili atajificha, na katika muda huo usihamishe mawe kumtafuta.

Kama kamba wako hufa mara tu baada ya kujivua gamba, chunguza kwanza kuyumba kwa chumvi, kisha kalsiamu, ambayo inafaa iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Wengi hukimbilia matone ya iodini. Kwa tangi linalobadilishiwa maji kila juma sioni haja yake, na iodini iliyozidi ni sumu.

SWALI: Nimeona anemoni wa njano angavu na mwingine mweupe kabisa, na matumbawe yanayong'aa rangi za kijani na chungwa chini ya taa za buluu. Nitajuaje kama rangi hizo ni za kweli?

JIBU: Anemoni mweupe kabisa, mara nyingi, ni mgonjwa. Rangi ya kahawia ambayo wanunuzi huidharau hutokana na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha kwa nguvu ya mwanga. Ukiutoa, anabaki mweupe na mwenye njaa. Wa njano angavu, hasa akiwa ametandwa na rangi moja kuanzia shina hadi ncha za minyiri, huenda amepakwa rangi baada ya kupauka. Rangi hiyo itatoka, na chini yake utamkuta yule mweupe.

Taa za buluu si udanganyifu kwa zenyewe, kwa kuwa matumbawe mengi yana protini zinazong'aa chini ya mwanga huo. Hata hivyo, mwombe muuzaji awashe taa nyeupe kwa dakika moja. Chini ya taa nyeupe utaona pia kama nyama imejiondoa kwenye mifupa, kama kuna mwani umeota kwenye kingo, na kama mdomo wa tumbawe uko wazi na kulegea, ambayo ni dalili ya afya mbaya.

Kwa kamba na kaa, jambo la kwanza ni kuomba walishwe mbele yako. Kamba mwenye afya hunyanyua papasi ndani ya sekunde chache baada ya chakula kuingia majini na huanza kukifuata; asiyeshughulika, au aliyekosa miguu kadhaa upande mmoja, mwache hapo alipo. Nungu awe ameshika kioo kwa nguvu na miiba yake isiwe inadondoka. Kiti cha pweza, akigeuzwa chali, ajaribu kujigeuza bila kuchelewa. Jongoo bahari wa rangi nyekundu na zambarau mwenye vichipukizi mdomoni, Pseudocolochirus, umtazame dukani na umwache dukani, kwani huhitaji chembe za chakula zinazoelea saa zote, hufa njaa kwa miezi, na anapokufa hutoa sumu inayoweza kuua wote waliomo.

Ukishafika nyumbani na uliyemchagua, usimwage mfuko moja kwa moja. Miili ya wanyama hawa, hasa viti vya pweza na nungu, haina uwezo mkubwa wa kurekebisha chumvi yake, na tofauti ambayo samaki angeistahimili huweza kuwaua baada ya siku mbili au tatu. Mhamishie pamoja na maji yake kwenye chombo, udondoshee maji ya tangi lako tone kwa tone kwa mrija mwembamba wenye fundo, kwa saa moja kwa kamba na saa mbili kwa nungu au kiti cha pweza, kisha umhamishe mnyama peke yake na umwage maji ya mfuko, kwa kuwa hujui muuzaji alitia dawa gani.